Mlango wa Wafanyakazi

Asubuhi moja nyumbani kwetu Mutakura, nilipokuwa nikiifunga kompyuta yangu ndani ya kitenge cha zamani kabla ya kuitia katika mfuko wangu wa begani, mama aliniuliza swali ambalo sikuwa nimelifikiria hata siku moja katika miaka yangu yote ya chuo kikuu. Alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya mlango, akikwangua masizi ya sufuria.

"Mama," aliniita hivyo, kama akina mama wa Uvira wanavyowaita binti zao, "kule ku kazi yako, nani anaandikaka saa unaingilaka?"

"Hakuna mutu, mama. Ni mi mwenyewe."

"Na saa ya kutoka?"

"Na yenyewe."

"Ukichelewa, nani anakugombeza?"

"Najigombeza."

Akaacha kukwangua. "Kumbe uko shefu na mufanyakazi ndani ya ngozi moja. Siku mukipigana, nani atawaachanisha?"

Nilicheka, naye akacheka. Lakini swali hilo nilitoka nalo hadi barabarani, na nilikuwa nalo bado nilipofika mjini.

Mimi ni mfasiri. Nimejiajiri. Natafsiri kutoka Kifaransa kwenda Kirundi na Kiswahili: vijitabu vya afya ya mama na mtoto, makubaliano ya vyama vya wakulima, maelezo ya dawa ambayo mgonjwa hupewa katika lugha asiyoijua kisha akaambiwa asome vizuri. Nilipomaliza masomo niliomba kazi katika ofisi mbili. Katika ya kwanza waliniuliza ninamfahamu nani humo ndani. Katika ya pili waliniuliza swali lile lile kwa adabu zaidi. Nikajiapiza kwamba nitaishi kwa kile ninachokiweza, si kwa yule ninayemfahamu. Ulikuwa wakati mzuri wa kuapa, kwa maana nilikuwa bado nakula chakula cha mama, na kiapo cha mtu aliyeshiba hakimgharimu kitu. Hata hivyo sijakitengua.

Nyumbani umeme huja na kuondoka upendavyo, na mtandao haupandi mpaka Mutakura kwa nguvu ya kutosha kupeleka faili moja. Ndiyo sababu nilianza kufanyia kazi katika mikahawa ya katikati ya mji, na mwisho nikabaki na mmoja. Una jenereta, una kivuli, una meza nane ndani na nne kwenye baraza. Nilijifunza mambo ya watu wa aina yangu: kufika kabla ya saa tatu ili nipate meza iliyo karibu na prizi, kusalimia kwa mkono kila aliyeketi kabla ya kuketi, kwa sababu hapa kwetu mtu anayepita bila kutoa mkono huonekana amefiwa au ana majivuno, na kuagiza kikombe kimoja cha kahawa, kisha kukinywa taratibu, kwa saa nyingi, kama mtu anayekula sadaka. Mhudumu, msichana wa rika langu, alinizoea akawa ananitania.

"Dada, hiyo kahawa imeshakuwa muzee. Nikuletee mujukuu wake?"

"Iache iishi."

"Sawa. Lakini siku ya kuizika utanialika."

Kahawa yenyewe mama aliijua kuliko wote waliokuwa mle ndani, na hakuwahi kuinywa. Alivuka mpaka kutoka Uvira akiwa msichana, akaolewa, akafiwa, na kwa misimu mingi alichambua kahawa katika depo moja kwenye mtaa wa viwanda, karibu na bandari. Waliketi wanawake mia kwenye sakafu ndefu ya saruji, kila mmoja na rundo lake la punje mbichi za kijani, wakitoa zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu, zilizokuwa nyeusi. Kilichobaki kilitiwa katika magunia na kwenda nchi ambazo hakuna hata mmoja wao angezifikia. Kwa mama, kazi ilikuwa kitu chenye geti. Kazi ilikuwa na zamu, yaani mlinzi, aliyesimama getini, na mtu mwenye daftari, na filimbi ya mchana. Mtu aliyesema anafanya kazi bila geti, zamu wala filimbi, alikuwa ama anatania ama anaficha jambo.

Majirani walipomuuliza mama binti yake anafanya nini, alisema, "Anafanya... mu mujini." Hakuwa na aibu. Alikuwa mwanamke mkweli aliyekuwa akitafuta neno asilipate. Lakini ule mpumuo mdogo uliotangulia "mu mujini" mimi niliusikia kila mara, hata nikiwa chumba cha pili.

Basi nikawa na tamaa moja, na sitaificha, kwa kuwa kila kinachofuata kimetoka humo. Nilitaka mama aje. Nilitaka aketi upande wa pili wa meza yangu, aone Kifaransa kikiwa kushoto na Kiswahili kikiwa kulia, aone vidole vyangu vikipeleka maana kutoka huku hadi kule, na aseme, hata kwa kuguna tu, kwamba hii nayo ni kazi. Shahada nilipewa na watu nisiowajua, waliosoma jina langu vibaya. Neno hili nilitaka nilipate kwa mmoja tu.

Nilimwalika mara nyingi. Alikuwa na jibu lake.

"Nikuje kufanya nini? Mutu haendake ku kazi ya mutoto wake mikono mitupu, kama polisi."

Siku moja akaja bila mikono mitupu.

Ilikuwa mchana, katika moja ya yale majuma ambayo mafuta yanaadimika, magari yanapanga foleni kwenye vituo mpaka yanalala hapo, na mabasi yanayobaki barabarani ni ya kuhesabu. Nilikuwa katika kikao cha mtandaoni na watu wa shirika moja la ng'ambo waliotaka kunipa kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kupewa: mwongozo mzima wa wakunga, uwe katika Kiswahili ambacho wanawake wa huku watakielewa. Nilikuwa na visikizi masikioni. Nilikuwa nikieleza, kwa Kifaransa changu cha siku za mtihani, kwa nini lugha ya watu ni haki yao wala si msaada. Nakumbuka hasa kwamba nilikuwa nikisema maneno hayo.

Nikamwona zamu wa mkahawa amesimama mlangoni akininyooshea kidole. Nyuma yake, nje ya geti, alisimama mama. Amevaa kikwembe chake cha kwenda kanisani, ameshika kwa mikono miwili bakuli lililofungwa kwa kitambaa, na viatu vyake vilikuwa vyekundu kwa vumbi. Alikuwa ametembea kutoka Mutakura.

Nikainua mkono, nikamwonyesha kiganja.

Nilikuwa namaanisha dakika tano. Vidole vitano, dakika tano: ndivyo nilivyojiambia. Alikitazama kiganja, akaitika kwa kichwa mara moja, haraka, kama anavyoitika mtu aliyezoea kuamrishwa na aliye mbali, halafu akarudi nyuma hatua mbili ili asionekane kutoka mle ndani. Nami nikaendelea kusema.

Kikao hakikuisha kwa dakika tano, wala kwa thelathini. Nilipotoka nje mbio, zamu alikuwa ameketi peke yake, na bakuli lilikuwa juu ya magoti yake.

"Amekwenda," akasema. "Nimemuambia, mama, kaa hapa ku kiti yangu, amekataa. Nimemuambia ingia, hawatakukula, amekataa. Ati, 'Apana, mi najua mambo ya kazi.'"

"Alingoja sana?"

Hakuwa na saa. Alinionyesha kwa kidole mahali kivuli cha ukuta kilipokuwa wakati mama anafika, kisha mahali kilipokuwa wakati anaondoka. Baina ya mahali hapo pawili ng'ombe angeweza kulala.

"Amesema ule pole pole," akaongeza. "Amesema ndagala iko na mifupa."

Mle ndani hairuhusiwi kuingia na chakula cha nje, basi nilikula pale pale, kwenye benchi ya zamu: bugali, ndagala, yaani dagaa, za nyanya, na lengalenga, mchicha wa kwetu. Vyote vilikuwa vimepoa. Na nilipokuwa nikila nilikumbuka kitu ambacho nilikuwa nimejitahidi kutokikumbuka tangu nilipokiona kiganja changu hewani. Nikiwa shule ya msingi, katika msimu wa kahawa, mimi ndiye niliyempelekea mama chakula deponi. Nilisimama getini, zamu akaita, na mama akatoka. Alitoka kila siku. Msimamizi alikuwa akimfokea mgongoni, "Hata filimbi haijalia!", naye alitoka tu, nywele zake zimejaa maganda mepesi ya kahawa kama mtu aliyenyeshewa na makapi, akanibandua bakuli mikononi na kunimegea tonge la kwanza. Mimi sikuwahi kungoja pale getini. Sikujua hata kwamba mtu angeweza kungojeshwa.

Jioni nilirudi nyumbani mapema, bakuli limeoshwa, na maneno ya kuomba radhi nimeyapanga vizuri kama hoja za insha. Nilimkuta uani na jirani yetu, mama mmoja anayeuza mafuta ya mawese anayoyatoa ng'ambo ya mpaka. Mama alikuwa akisimulia.

"Hawamuache kutoka! Hata mi, mama yake! Ananiona, ananifanyia hivi..." Akainua kiganja chake juu, akakikaza, uso umejaa ukali wa kiofisi ambao kwa hakika ulikuwa wangu.

"Ayi! Hata kukaribia?"

"Hata kukaribia. Ile ni kazi ya ukweli, mama. Kuna zamu na geti. Mi nilikuwa nafikiria anaendaka kutembea tu."

"Basi mutoto amekuwa mukubwa."

"Amekuwa mukubwa."

Nikasimama na bakuli langu. Nilikuwa nimetamani neno lile kwa miaka, na sasa lilikuwa limetoka, uani, mbele ya shahidi, bila mpumuo wowote mbele yake. Na lilikuwa limejengwa juu ya kitendo nilichokionea haya kuliko vyote nilivyowahi kutenda. Jirani alipoondoka nilimwambia ukweli. Nilijua nikinyamaza usiku ule nitanyamaza daima.

"Mama, hakuna mutu alinikataza. Ni mi nilikuonyesha ungoje. Ningeweza kutoka."

Alinitazama kwa upole uliokuwa mbaya kuliko hasira.

"Najua. Si nilikuwa nakuona? Hakuna mutu alikushika. Ni vile vile. Mutu wa kazi hatokake-tokake."

"Lakini we ulikuwa unatokaka. Pale depo."

"Mi nilikuwa nachagua kahawa," akasema. "Kahawa inaweza kungoja."

Hakuja tena. Na kilichofuata ndicho nisichokuwa nimekitarajia: alianza kuiheshimu kazi yangu. Zamani nilipokuwa nikiandika nyumbani, umeme ukiwapo, alikuwa akinisemesha kutoka kila chumba; bei ya unga, ugomvi wa kwaya, ndoto aliyoiota alfajiri. Nilikuwa nikimjibu "mm" na kukasirika moyoni. Sasa akiniona nimefungua kompyuta alitembea kwa vidole vya miguu. Wageni wakija aliwaambia "shii" na kuwapeleka uani. Mchana hakunipigia simu tena, hata siku alipoanguka kwenye ngazi za kanisa na kuvimba goti. Niliambiwa jioni, tena na jirani. "Ulikuwa ku kazi," akasema mama. Nilikuwa nimeomba anitambue, naye akanitambua kwa namna pekee aliyoijua, yaani kwa kukaa nje ya geti.

Ile hali ya kumkosa mtu anayelala chumba cha pili sijui niiite nini. Pale mkahawani nilianza kuwatazama watu waliokuja wawili wawili: mzee mmoja Mwislamu wa Buyenzi, fundi wa magari ukiitazama mikono yake, aliyekuja kila Jumatatu na binti yake kunywa chai ya tangawizi na kusomewa barua zake kwa sauti, wanafunzi wawili waliogawana chupa moja ya soda na daftari moja. Kiti cha mbele yangu nilikuwa nimekitundikia mfuko wangu, ili kisichukuliwe.

"Huyu mugeni yako," mhudumu akaniuliza siku moja, "anakuyaka lini?"

"Atakuja."

"Ni mutu au ni Masiya?"

Kazi ya wakunga niliipata. Niliifanya kwa miezi, kwa bidii ambayo nadhani ilikuwa na toba ndani yake. Jioni moja nilimsomea mama ukurasa, si kwa kumwomba kitu, bali kwa sababu alikuwa ameketi karibu na taa na mimi nilitaka asikie sauti yangu ikisoma. Nilifika mahali nilipoandika kwamba mama mjamzito aende kituoni mara aanzapo kusikia mikazo ya mfuko wa uzazi.

"Anaanza kusikia nini?"

"Mikazo."

"Nani anakaza nini?" Akaangua kicheko. "Mutu akisikia ivyo atafikiria wanafunga muzigo ku baiskeli."

"Basi munasemaka aje?"

Akasema. Nami nikapeleka kidole juu ya ukurasa, nikamwonyesha jingine, na jingine. Katika ukurasa mmoja maneno saba hayakuwa ya mtu yeyote aliye hai. Sikulala vizuri, na asubuhi, kabla sijaufunga mfuko, nilimwambia neno ambalo lilikuwa kweli tupu, ingawa nakiri lilikuwa pia neno la mwenye njaa.

"Mama, kuja unisaidie ku kazi. Siwezi kumaliza hii kitabu bila we."

Alifikiri. "Unaniita kutembea, ao unaniita kufanya?"

"Kufanya."

"Kama ni kufanya, nitakuja. Siku ya ine, nikitoka ku maombi."

Alhamisi ile, ambayo kwetu ndiyo siku ya ine, nilifika mkahawani ukiwa bado unafagiliwa. Kurasa zote nilikuwa nimezichapisha, nikazipanga mezani. Niliuondoa mfuko kwenye kiti. Nilimwagizia chai ya maziwa, kwa kuwa kahawa nilijua hataigusa, nikaifunika kwa kisahani isipoe. Saa tatu ikapita. Saa nne nikampigia. Simu yake ilikuwa imezimwa. Saa nne na nusu chai ilikuwa imeweka utando. Nililifikiria goti lake, nikaufikiria msongamano wa barabara ya sokoni, na nikafikiri pia, kwa uchungu wa kitoto ninaouandika hapa kwa sababu ulikuwepo, kwamba labda sasa ni zamu yake kuniacha ningoje.

Nikatoka getini. Zamu wa siku hiyo alikuwa mwingine, kijana wa Musaga asiyemfahamu mama.

"Mama mumoja mwenye kikwembe cha bluu? Ndiyo, amefika zamani. Aliniuliza wafanyakazi wanaingilaka wapi. Nikamuonyesha kule nyuma."

Nilizunguka. Sikuwa nimewahi kupita huko, katika miaka miwili ya kuja kila siku. Kuna ujia mwembamba baina ya ukuta na jenereta, halafu magunia ya makaa, halafu kreti tupu zilizopangwa hadi usawa wa kifua, halafu mlango wa bati ulio wazi, na moshi. Nikasikia sauti ya mama kabla sijamwona. Alikuwa akisema kwa sauti yake nzima, ile ambayo nyumbani nilikuwa sijaisikia kwa miezi.

Walikuwa wanawake wanne jikoni, naye wa tano. Ameketi juu ya kreti iliyopinduliwa, amejifunga kikwembe cha pili kiunoni, na katika miguu yake kulikuwa na kilima cha lengalenga alichokuwa akikikata kwa kisu cha watu kana kwamba amekikata miaka yote. Mpishi mkubwa, mwanamke mnene wa Kirundi mwenye kitambaa cheupe kichwani, aliniona kwanza.

"Eh! Si ni Madamu Prizi huyu?"

"Nani?" akauliza mama.

"Huyu! Tunamuonaka kwa hili dirisha la kupitishia sahani. Anaingia, hata mikono ya salamu hajamaliza kutoa, macho iko ku ukuta: prizi iko wapi, prizi iko wapi."

"Kama kuku anatafuta mahali ya kutaga," akasema mwingine.

Mama alicheka mpaka akafuta macho kwa kiwiko, kwa maana vidole vilikuwa na majimaji ya kijani. "Ni mutoto yangu," akasema, akiwa bado anacheka.

"Yoo! Basi wewe ni Mama Prizi!"

"Mama," nikasema, "nilikuwa nakungoja kule mbele. Simu yako iko imezimwa."

"Si ku kazi simu inazimwaka?" Alinitazama kama ninayepaswa kujua. "Nimefika, nimeuliza mulango ya wafanyakazi, nimeingia. Nimesema nimeitwa na mutoto yangu kufanya. Huyu mama akasema, karibu, kaa. Nikaona iko na lengalenga mingi na mikono kidogo, nikaanza nikikungoja." Akageuza majani ndani ya kiganja. "We unaingilaka wapi?"

"Mbele."

"Mbele si ni pa wateja?"

"Ndiyo."

Kisu kilisimama. Alikuwa akifikiri, nami nilimwona akifikiri, na hakukuwa na neno la Kifaransa wala la Kiswahili ambalo lingefika kabla ya yeye kumaliza.

"Basi hawa ndio wafanyakazi," akasema polepole. "We uko muteja."

"Muteja wa kahawa moja," akasema mpishi mkubwa, "mpaka saa kumi!"

Jikoni lote likacheka, na mimi nilicheka pia, kwa kuwa ilikuwa kweli. Mama hakuwa amenishtaki. Alikuwa ameweka kitu mahali pake, kama mtu anayetenga punje. Kwa miaka miwili nilikuwa nimemtaka aione kazi yangu ndani ya nyumba ambayo kazi yake ilikuwa ya watu wengine kabisa, watu walioinama nyuma ya dirisha la sahani, ambao mimi, mtetezi wa lugha ya watu, sikuwa nimewahi kuwapa mkono. Niliwapa siku hiyo. Mpishi mkubwa alinipa kifundo cha mkono, kwa sababu vidole vilikuwa na unga.

"Kuja sasa tukae kule," nikamwambia mama. "Kiti iko. Nimekuagizia chai."

Aliliangalia rundo lililobaki, akaniangalia mimi. Nadhani alitaka kuja. Naandika "nadhani" kwa sababu ndiyo ninayoishi nayo.

"Nimalize hii kwanza. Haifai kuacha kazi ya batu katikati. We uliza tu maneno yako hapa."

Basi niliuliza nikiwa nimesimama mlangoni, karatasi juu ya kiganja. Niliuliza lile la mikazo. Wanne wakajibu kwa pamoja na kuanza kubishana. Mpishi mkubwa alisema kwao ni *ibise* na hakuna neno jingine duniani. Mdogo wao alisema apana, mama yake alikuwa akisema mtu "ameshikwa". "Ameshikwa na nani, polisi?" akaulizwa. Mama alirudia lile aliloniambia kando ya taa: Uvira wanasema tumbo limeanza kuita. Niliandika upesi, pembeni, juu, katikati ya mistari. Wakaendelea hivyo hata baada ya mimi kuacha kuuliza, kutoka neno kwenda kisa, na kutoka kisa kwenda kisa kingine, wala hakuna aliyegeuka tena kunitazama.

"Umeacha mashini peke yake?" mama akanikumbusha, kisu kikiwa kimeanza tena mwendo wake. "Rudi. Nitamaliza, nitakuja."

Nilirudi kwa njia ile ile, makaa, jenereta, ukuta, geti, nikaingia kwa mlango wa mbele. Niliketi. Niliifungua faili, nikafuta neno langu la kitabuni, na mahali pake nikaandika la mama. Kutoka mezani kwangu dirisha la sahani halikuwa mbali. Hatua saba, labda nane. Sikuwa nimewahi kutambua kwamba likiachwa wazi mtu anaweza kusikia hata maji yakimiminwa.

Nikamsikia mama akisema, "Huyu mwenyewe, siku yake ilipofika, mi nilikuwa depo."

Mikono yangu ikasimama juu ya vitufe. Nilijua mahali nilipozaliwa: hospitali, mjini, alfajiri. Hivyo ndivyo nilivyoambiwa kila nilipouliza utotoni, na niliacha kuuliza.

"Depo ya wapi?" sauti ya mpishi.

"Ya kahawa. Nimekaa chini na rundo yangu. Nikasikia tumbo inaita. Nikasema ndani ya roho, we mutoto, ngoja filimbi. Mama aliyekuwa pembeni yangu akaniangalia, akaacha kuchagua, akanishika hapa, akaniambia..."

Nyuma ya kaunta mhudumu aliwasha mashine ya kusagia kahawa. Ilinguruma ikajaza mkahawa wote, meza nane na baraza. Niliinuka nusu. Nilimpungia mkono azime. Alidhani namsalimia, akanipungia. Kupitia dirisha nilimwona mama upande mmoja tu, bega, sikio, mkono wenye kisu ukipanda na kushuka hewani kuonyesha jambo fulani, na wale wanawake wanne wameacha kila walichokuwa wakifanya.

Mashine iliponyamaza kisa kilikuwa kimekwisha: walikuwa wanacheka wote, na mmoja wao alikuwa akijifuta macho kwa ncha ya kitambaa.